Leo Baba Kamwambia Nini Ng'ombe

Poli, Meru
4 Februari 2024

Mume wangu, mume wangu, mume wangu,

Nalirudia neno hili kwenye karatasi kwa sababu nikilisema kwa sauti shangazi yako Anande ananicheka. "Wewe mtoto, hilo joto la harusi litapoa, tulia." Shangazi hajui anachosema. Langu halipoi. Asubuhi nikiamka nauangalia Mlima Meru, kisha naiangalia pete, na sijui kipi kati ya hivyo viwili ni kikubwa zaidi.

Simu yako nimeipokea, na namshukuru Mungu umerudi Brazili salama. Lakini simu inaniacha na njaa. Ukikata tu, maneno yote yameyeyuka, siwezi kuyashika wala kuyalalia. Kwa hiyo nimeamua: nitakuandikia kwa kalamu, nitapiga picha nikutumie, na karatasi yenyewe nitakutunzia kabatini. Nawe fanya hivyohivyo. Nautaka mwandiko wako, hata ukiwa mbaya kama wa daktari.

Hapa kahawa imefunga, punje bado za kijani. Baba ananilea kama binti yake wa kumzaa. Juzi niliunguza maziwa ya chai, akainywa yote, akasema ina moshi kama ya marehemu mama yako. Sijui kama alinisifu au alinitukana, lakini nilifurahi siku nzima.

Sasa nisaidie. Wanakwaya wenzangu wananiuliza, "Mumeo anasomea nini huko?" Nikawajibu, hesabu. "Za kuhesabu nini?" Nikakwama. Mimi ni wa kidato cha nne, na hesabu zilinishinda, unajua. Niambie kwa maneno ya kwetu. Nataka kukujua mpaka huko ndani unakofikiria.

Wako wa leo, kesho na baadaye sana,
Eunike


São Carlos
12 Februari 2024

Eunike mpenzi,

Mwandiko wangu ndio huu, usilalamike.

Unaujua mfereji wa nyuma ya nyumba, pale unapokunja kona kwenye jiwe? Nikiwa mtoto nilidondosha majani ya mbuni pale na kuyatazama. Jani moja linanaswa kwenye maji yanayozunguka, halitoki. Lingine, nililolidondosha karibu nalo kabisa, linakwenda zake mpaka kwa jirani. Baba alinikuta, akadhani naziba maji kwenye zamu yake, akanichapa. Wenzangu hapa nimewaambia kuwa hilo ndilo somo langu la kwanza.

Ndicho ninachosomea: vitu vinavyobadilika kila saa kwa kanuni moja, na mwisho wake ni wapi. Si lazima yawe maji. Yaweza kuwa hali ya hewa, wadudu shambani, mapigo ya moyo. Hali zote ambazo kitu kinaweza kuwa nazo tunazifikiria kama uso mmoja mkubwa, uliopinda huku na kule kama miteremko ya Meru. Mahali uliposimama ni hali yako ya leo, na kanuni ndiyo inayokusogeza.

Na kuna jambo moja ninalolipenda kuliko yote. Huna haja ya kuuona mwendo wote. Tazama kitu kimoja tu, kwa mfano kimo cha maji kwenye ukingo wa mfereji. Kiandike tena na tena kwa muda mrefu. Kwa hicho kimoja, karibu kila mara, unaweza kulijenga upya umbo la mwendo mzima uliofichika. Litatoka limevutika au limepinda, kama shati lililofuliwa vibaya, lakini mikono na shingo vyote vipo.

Basi tucheze. Chagua kitu kimoja cha nyumbani, kimoja tu, uniambie katika kila barua. Mimi nitaijua nyumba nzima.

Mumeo,
Nathanaeli


Poli
25 Februari 2024

Mume wangu mwenye akili kuliko wote,

Nimechagua! Baba akimkamua Waziri huwa anaongea naye. Umesahau kwa nini anaitwa Waziri? Baba anasema anakula kuliko wote, na ukimwomba kitu anatazama pembeni. Mimi husimama nje ya zizi na ndoo yangu, nacheka mpaka naogopa nitaonekana sina adabu mbele ya mkwe.

Leo Baba kamwambia, "Simama vizuri wewe, unadhani nimekuja kukuposa?"

Jumatano: "Teke hilo kampige mjomba wako."

Ijumaa hakusema kitu, aliguna tu. Nikamwuliza, "Baba, leo mmenuniana?" Akasema, "Leo amenitii. Nimeogopa."

Haya, mtaalamu, niambie nyumba yako ikoje. Mimi najua mwenyewe: ina mwanamke mmoja anayekutamani mpaka anaongea na shati lako.

Wako,
Eunike


São Carlos
17 Machi 2024

Eunike wangu,

Nimecheka kwenye maktaba mpaka wamenitazama. Majibu yangu ni haya: Baba ni mzima, mgongo haumsumbui, mvua bado kidogo, na mke wangu anachelewesha chai kwa kusikiliza ya zizini. Nimekosea wapi?

Natetea tasnifu mwishoni mwa Juni. Julai niko kwako, kabisa, na mizigo yote.

Nikuambie tasnifu yenyewe inahusu nini, maana uliomba kuingia ndani. Kuna maswali mawili ambayo mtu anaweza kuuliza kuhusu kitu kinachosogea. La kwanza: je, huwa kinapita hapa? La pili: je, kinaishi hapa? Yanafanana, lakini siyo sawa. Kuna mwendo unaopita karibu na kila mahali bila kubakiza hata kona moja, na bado karibu muda wake wote unautumia mahali padogo tu. Wanaouliza swali la kwanza wanatazama umbo. Wanaouliza la pili wanapima. Mimi nachunguza pale ambapo majibu hayo mawili yanagombana.

Mimi mwenyewe ni wa namna hiyo. Nimepita Addis, São Paulo, na sasa hapa. Lakini ukinipima, naishi Poli.

Endelea na Waziri.
Nathanaeli


Poli
9 Aprili 2024

Dada Diana, shikamoo.

Nakuandikia wewe huko Momela kwa sababu hapa nikilia wananiona.

Baba mkwe anaumwa. Ilianza mwezi wa pili, ugali ukawa unamkwama. Tulidhani ni ugali wangu, na mimi nikawa najitahidi kuulainisha. Akahamia kwenye loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando, kisha uji. Sasa hata maziwa yanashuka kwa shida. Shemeji Hans alimpeleka hospitali, wakamwingiza mpira wenye kamera. Ni saratani, kwenye njia ya chakula, na imeshaenea. Daktari alitaka kumwita Hans pembeni, Baba akamzuia: "Semea hapahapa. Mgonjwa ni mimi au huyu?"

Tuliporudi alituita mimi, Hans na shangazi Anande. Akasema Nathanaeli asiambiwe mpaka atetee tasnifu yake. Unajua habari ya Hans? Alikuwa chuo, mwaka wa pili, mama yao alipougua. Baba akamwita aje kwa wiki moja. Hakurudi tena chuo. Leo anatengeneza pikipiki Sakina, mjini Arusha. Baba alisema hayo mbele yake: "Huyu nilimwita mwenyewe. Sitamwita wa pili." Hans alitazama chini, akawa anajifuta mikononi mafuta ambayo hayakuwepo. Tukaahidi, wote watatu.

Lakini namwona anavyomtaka mwanawe. Hapa kwao mzazi haondoki hivihivi. Humwita mtoto, huchukua funda la maziwa, akampulizia kichwani na kumwambia la mwisho. Hans alipuliziwa wiki iliyopita. Nathanaeli bado. Shangazi anasema mtoto aliyekosa hilo huishi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani na hakumbuki ni kitu gani. Na halipuliziki kwa simu.

Siku ya Pasaka Nathanaeli alipiga akataka kuongea naye. Baba alijikokota akakaa wima, akasafisha koo kwa maji ya moto, akapaza sauti kama anagombana na ng'ombe: "Niko kama chuma! Soma!" Nathanaeli akacheka kule. Simu ilipokatika Baba alilala mpaka kesho yake.

Sasa tatizo langu. Nathanaeli anataka maneno ambayo Baba humwambia ng'ombe, ni mchezo wetu. Baba hajaingia zizini tangu kabla ya Pasaka. Anayekamua ni mimi. Nitayatunga. Nitafanyaje?

Mdogo wako,
Eunike


Momela
15 Aprili 2024

Eunike, marahaba, na pole sana mdogo wangu.

Naandika jikoni, wageni wanasubiri supu, mmoja ameniuliza kama heroe wale wa waridi wa ziwani wamepakwa rangi. Kwa hiyo nitasema kifupi.

Mwambie mumeo. Wewe hujui kudanganya. Ulipolamba asali ya baba ulisema nyuki wamekuja kuidai. Heshima ya mkwe naijua, lakini uliyefunga naye ndoa kanisani si mkwe wako mzee Sifael. Mtu mzima hanyimwi habari ya baba yake kwa sababu ya mtihani. Atakapojua hatamlaumu Baba, kwa sababu Baba atakuwa hayupo. Atakulaumu wewe.

Nakupenda, na supu imemwagika.
Diana


Poli
28 Aprili 2024

Mume wangu kipenzi,

Samahani kwa kuchelewa. Mvua za masika zimetushika, na Jumatano na Ijumaa nilikuwa Sakina kwa shughuli kidogo, ndiyo maana hukunipata kwenye simu. Wiki iliyotangulia pia. Mtandao nao unasumbua.

Sote wazima. Baba mzima. Leo kamwambia Waziri, "Taratibu mpenzi, hakuna anayetufukuza." Na jana: "Nikiyaona macho yako asubuhi, siku yangu imekamilika." Juzi alimwambia tu, "Usiniache."

Usihangaike na sisi. Usipige Jumapili hii, Baba atakuwa kwenye kikao cha usharika. Na hiyo inayofuata pia sina hakika. Wewe soma, mume wangu, wala usiwaze tarehe ya kurudi. Ikifika imefika.

Eunike


São Carlos
19 Mei 2024

Eunike,

Baba hajawahi kumwita kiumbe yeyote mpenzi. Hata mama. Mama alikuwa akiitwa "wewe" na tulijua kuwa anapendwa.

Nimezipanga barua zako zote mezani. Nilikuomba kitu kimoja ili nione nyumba nzima, na sasa nimeiona. Mwanzoni maneno yalikuwa ya Baba, magumu kama mikono yake. Kisha yakageuka. Haya ni maneno ambayo mwanamume anamwambia mwanamke, tena karibu sana. Hukuyatunga. Uliyasikia mahali.

Uko Sakina kila wiki kwa shughuli isiyo na jina. Simu hupokei. Zamani uliniuliza nitarudi lini kabla hata ya salamu, sasa unaniambia nisiwaze tarehe. Hans nimempigia, akajibu kwa maneno yako yaleyale, kama mlikaa mkakubaliana. Kuna kitu kimefichwa, na kinakua.

Nilijiuliza kama ni Baba. Nilitaka sana kiwe kitu kingine chochote kuliko hiki. Lakini Baba nimemsikia mwenyewe siku ya Pasaka, sauti ileile ya zizini. Kwa hiyo si Baba.

Niambie ni nani. Nilikuacha siku chache baada ya harusi, najua. Labda kosa ni langu. Lakini mkono ulioniandikia "mume wangu" mara tatu, umechafuka lini?

Nathanaeli


Poli
30 Mei 2024

Dada Diana, shikamoo.

Nimekutumia picha ya barua ya Nathanaeli. Isome kisha uifute, sitaki ikae hata kwenye simu yako.

Unaona? Maneno yale nilimtungia ng'ombe kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu. Ningeyapata wapi mengine? Ni maneno niliyotamani yeye aniambie mimi. Huyo mwanamume aliyemsikia ni yeye.

Jana nilipiga magoti kitandani kwa Baba. Nikasema, "Baba, nifungue mdomo."

Akafungua jicho moja. "Amekuuliza kitu?"

"Anauliza habari za nyumbani."

"Mwambie nyumba iko palepale."

"Baba, ana wasiwasi."

"Wasiwasi haumfukuzi mtu shuleni. Mimi ndiye ninayeweza kumfukuza." Kisha akanishika mkono, jambo ambalo mkwe hafanyi, akasema, "Umeniahidi, mwanangu."

Ningemwambia nini, Diana? Kwamba mwanawe ananiita malaya? Angekufa na hilo badala ya kufa na ugonjwa wake.

Na kuna jingine, nakuambia wewe tu. Kukaa kwangu kimya tangu barua ile ilipofika si kwa sababu ya Baba peke yake. Nina hasira. Kuna saa nasema, basi na aumie. Kisha nasikia Baba anavyopumua chumba cha pili na najua anayeumia si Nathanaeli.

Eunike


Poli
5 Juni 2024

Nathanaeli,

Hakuna mwanamume. Ni Baba.

Ana saratani ya njia ya chakula, ilimwanza mwezi wa pili. Alituapisha tusikwambie mpaka utetee, kwa sababu ya yaliyompata Hans. Sakina nilikuwa naenda kwa Hans, tunampeleka Baba kliniki. Zizini hajaingia tangu kabla ya Pasaka, na sauti uliyoisikia siku ile aliilipia kwa kulala mpaka kesho yake. Anayekamua ni mimi, na maneno ya Waziri ni yangu. Niliyaandika kwa kukukumbuka.

Asubuhi ya leo alikuulizia. Hakusema mwite. Aliuliza tu, "Brazili sasa hivi ni saa ngapi?" Nikatoka nje, nikavunja ahadi yangu kwenye karatasi hii. Hans hajui. Ukimaliza kusoma mpigie, atakueleza ya daktari. Nilitaka usikie kutoka kwangu kwanza.

Kuhusu lile ulilonisema. Uliniuliza kama kuna anayepita hapa. Wewe mwenyewe ulinifundisha kuwa kuna swali la pili, na hukuliuliza.

Lakini hilo ni la baadaye. Njoo. Anakusubiri akupulizie.

Eunike


São Carlos
7 Julai 2024

Eunike,

Nimetetea tasnifu. Nimefaulu. Walinipigia makofi, mwalimu wangu akanikumbatia, nikatoka nje na simu, sikuwa na wa kumpigia.

Mwezi uliopita, niliposhuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, Hans alikuwa amesimama mlangoni. Alinishika bega. Nikajua kuwa nilikuwa angani wakati Baba anaondoka. Kama ningeondoka wiki moja kabla ningemkuta. Na wiki hiyo yote nilikuwa hapa nimekaa mezani, nikimtafuta mwanamume katika barua zako.

Umbo nililipata sawasawa. Kitu kimefichwa, kinakua, kinakuvuta Sakina, kinawafanya wewe na Hans mseme kwa sauti moja. Kila kilichokuwepo nilikiona. Hesabu hazikukosea. Haziwezi kukupa jina la kitu, zinakupa umbo tu, na jina nililitoa moyoni mwangu. Sasa najua kilichokuwa moyoni mwangu.

Kule msibani uliniletea chakula nikageuza uso. Watu wote waliona, walidhani nimekukasirikia. Sikuwa na hasira. Sikuweza kula kutoka kwenye mkono niliouita mchafu. Siku ya kuondoka ulikuja mpaka kwenye gari la Hans, ukainua mkono kuelekea kichwani kwangu, nami nikarudi nyuma kama mtu anayekwepa pigo. Najua hukutaka kunipiga. Ningefurahi kama ungenipiga.

Wamenipa kazi hapa, nimekubali. Siwezi kurudi kwenye nyumba ile, nipite mlango wa chumba chake, nikukute wewe uliyemwosha na kumlisha wakati mimi nakutukana. Wewe bado msichana. Ukitaka kurudi kwenu Momela sitakuzuia, na nitamwandikia mchungaji kwamba kosa ni langu lote, mtu asikunene.

Nisamehe, au usinisamehe. Vyote ni sawa.

Nathanaeli


Poli
6 Oktoba 2024

Nathanaeli,

Nimekaa na barua yako tangu Julai. Nilikuandikia mara nyingi na kuchana. Sikujua kuandika bila kukubembeleza, na sikutaka kukubembeleza. Leo nadhani nitaweza.

Uliniumiza. Niliweke hilo kwanza, kwa kuwa kwenye barua yako umejiumiza mwenyewe vizuri hata hukuacha nafasi ya mimi kuumia. Nilikuwa mke wa miezi minne. Ndoto zangu zote zilikuwa na sura yako. Ukanitazama kwa karatasi zangu mwenyewe ukaona uchafu. Nami nilikunyima baba yako. Nilipaswa kumwasi siku ileile ya kwanza, na dada Diana aliniambia, na sikufanya. Hilo nalo liwe hapa, pembeni ya lako. Sijui lipi ni zito. Sitaki kupima.

Lakini kuna jambo hujui, kwa sababu hukukaa kusikiliza.

Asubuhi ile ya mwisho nilimwambia Baba ukweli: Nathanaeli yuko njiani, yuko kwenye ndege. Nilitegemea atanilaani. Alifumba macho. Kisha akasema, "Amekuja mwenyewe, sikumwita," na akacheka, Nathanaeli, kicheko kisicho na sauti, mabega tu. Akauliza kama utafika kabla ya jioni. Hans akasema kesho. Baba akasema, "Basi nileteeni maziwa."

Nikadhani ana kiu. Nilikuwa nimemkamua Waziri muda si mrefu, yalikuwa bado ya moto. Alikuwa hawezi tena kumeza hata mate yake, unaelewa? Lakini alichukua funda akaliweka mdomoni. Akaniashiria nipige magoti.

Shangazi Anande akaruka. "Sifael! Mkwe hapuliziwi na baba mkwe! Tangu lini?" Baba mdomo umejaa maziwa, hawezi kumjibu, akamtazama tu kwa jicho lile alilokuwa akimtazamia Waziri akitaka kupiga teke. Shangazi akakaa.

Akanipulizia. Maziwa yalishuka usoni kwangu, mengine yakaingia machoni. Akaweka mkono wake juu ya kichwa changu, akasema maneno. Shangazi na Hans waliyasikia lakini kwa namna alivyosema hayakuwa yao. Hata hayakuwa yangu. Alikuwa anakuita jina lako muda wote, akiongea na kichwa changu. Alipomaliza akachukua mkono wangu wa kulia, akaukunja kama mtu anayempa mtoto kitu asikidondoshe, akasema, "Mfikishie."

Ndiyo huo mkono ulioukwepa kwenye gari la Hans.

Kwa hiyo usiniambie habari za Momela. Usimwandikie mchungaji. Siko hapa kwa sababu sina pa kwenda, wala kwa sababu natarajia utanipenda kama zamani. Sijui kama mimi nitakupenda kama zamani. Nikisikia jina lako sasa moyo haurukiruki, unakaa chini. Niko hapa kwa sababu nina kitu chako. Siwezi kukiacha kwa Hans, na shangazi anasema hakihamishwi mara ya pili.

Usiniombe nikuandikie maneno yale. Nilijaribu Agosti, nikaweka kalamu chini. Yalitamkwa juu ya kichwa chenye joto, mkono ukiwa umekigusa, na ndivyo yanavyopaswa kufika.

Ukija ukiwa umenyamaza, njoo. Ukija kwa saa moja na tiketi ya kurudi mfukoni, njoo. Ukitaka tusiongee kabisa, nitakukuta pale nje, nitafanya nilichotumwa, kisha utaenda unakoenda.

Lete kichwa chako, Nathanaeli.

Eunike